Methadoni, nyumba ya upataji nafuu au kumtunza nyumbani: mzazi wa Dar unachagua kwa kipimo gani?

Mzazi anayemtafutia kijana wake tiba ya uraibu hapa Dar es Salaam huwa ameshapewa kila aina ya ushauri kabla hajamwona mtaalamu hata mmoja. Shangazi anasema apelekwe kijijini. Jirani anaijua nyumba fulani nje ya mji "inayowanyoosha". Mjumbe anaona alale mahabusu wiki moja apate akili. Kati ya yote yanayosemwa, njia zinazostahili kuwekwa kwenye mizani ni tatu: kliniki ya methadoni huku kijana akiishi nyumbani, kumlipia nyumba ya upataji nafuu (wengi wetu tunaiita soba hausi), na kumtunza nyumbani huku akihudhuria kliniki ya afya ya akili.

Tunazilinganisha kwa upande wa mzazi. Kila moja ina saa inazokudai, hela inazokudai, na wiki yake ambayo ukisinzia mambo yanaharibika. Njia nzuri kwenye karatasi ambayo nyumba yako haiwezi kuibeba kwa miezi sita haitafika popote.

Kwanza, anatumia nini?

Swali hili peke yake hupunguza machaguo kwa nusu. Methadoni inatibu uraibu wa heroini, yaani unga, na dawa za jamii yake. Kijana wa bangi, kokeini, mirungi au pombe haimsaidii kitu.

Pombe na vidonge vya jamii ya Valium vina hatari yao, na hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea bila kujua. Arosto, yaani mateso ya mwili ukikatishwa ulichozoea, kwa unga inatesa sana, lakini kwa kijana mwenye afya ni nadra kuua. Arosto ya pombe inaua. Mtu aliyezoea kunywa kila siku tangu asubuhi, ukimkatisha ghafla, anaweza kuanguka kifafa kati ya saa ya 6 na ya 48, kisha kuanzia siku ya pili hadi ya nne akaanza kuweweseka, kuona wadudu ukutani, kutetemeka na kuchemka mwili. Huyo ni wa hospitali kwanza. Asifungiwe chumbani, wala asipelekwe moja kwa moja kwenye nyumba isiyo na daktari. Valium nayo hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na anayepanga ni daktari.

Bangi ni habari nyingine: wiki moja au mbili za hasira, usingizi wa shida na kukosa hamu ya kula, kisha mwili unatulia. Hakuna dawa mbadala yake, na vijana wengi huiacha wakiwa nyumbani kwa msaada wa ushauri nasaha. Lakini akianza kusikia sauti au kuamini kuwa watu wa nyumbani wanataka kumwekea sumu, mpeleke kwa daktari wa akili kabla ya kufikiria jambo lingine.

Shida ni kwamba vijana wa mjini huchanganya. Kijana ataapa kwamba yeye ni "bangi tu" kumbe msokoto umenyunyiziwa unga. Ubishi huo unamalizwa na kipimo cha mkojo, kwa ridhaa yake, na mapema: dalili za unga hukaa kwenye mkojo siku mbili tatu tu, wakati za bangi kwa mvutaji wa kila siku zinaweza kukaa wiki kadhaa. Kipimo cha baada ya wiki nzima ya kujificha kwa mjomba hakikuambii kitu kuhusu unga.

Asubuhi ya kila siku ni mzigo wa nani?

Kliniki ya methadoni ya Muhimbili ilianza Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, halafu Temeke. Huduma ni bure. Dawa ni ya kunywa, na kijana anainywa palepale mbele ya mhudumu, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kwa kawaida haendi tu akajiandikisha dirishani. Asasi zinazofanya kazi na waraibu mitaani humwandaa na kumfikisha kliniki, na mzazi au ndugu huombwa awe msimamizi wake. Usimtume mdogo wake wa sekondari kwa nafasi hiyo. Atafutwe mtu mzima ambaye simu yake haizimwi.

Kwa hiyo kazi ya mzazi hapa ni ndogo kwa siku lakini haina mwisho wa karibu: kumwamsha, kumpa kifungua kinywa, kumpa nauli, kuhakikisha amefika. Dozi huanza chini, mara nyingi kati ya miligramu 15 na 30, ikapandishwa taratibu hadi inapomshika. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Katika wiki za mwanzo, kabla haijamshika, bado atakuwa na arosto ya jioni, na wengine huongeza kete moja (kipakiti kidogo cha unga) juu yake. Mzazi akijua hilo mapema hataanza kupiga kelele kwamba "hiyo dawa yenu haifanyi kazi". Atamwambia kijana amweleze mhudumu ukweli ili dozi ipangwe upya.

Akikosa siku moja, arudi kesho yake. Akikosa siku tatu mfululizo, kliniki hulazimika kumpunguzia dozi na kumpandisha tena, kwa sababu mwili umeshapoteza uzoefu. Mwambie mhudumu ukweli kuhusu siku alizokosa, hata kama kijana anakukonyeza unyamaze. Anayedanganya ili apewe dozi yake ya zamani anaweza asiamke.

Jambo jingine linalosahaulika ni dawa nyingine anazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu huisukuma methadoni itoke mwilini haraka, na baadhi ya dawa za VVU na za kifafa hufanya hivyo pia. Kijana aliyekuwa ametulia kwenye miligramu 80 anaanza dawa za TB, wiki inayofuata anatoka jasho na kuhangaika usiku, familia inadhani amerudia unga. Tiba ni kuongezewa dozi kwa muda. Ukikaa kimya, atajiongezea mwenyewe kijiweni.

Kwenye nyumba ya upataji nafuu, asubuhi si yako tena, na hicho ndicho hasa unachokilipia. Kuna ratiba, mikutano, kazi za usafi, na wenzake waliopita huko huko. Nyingi hufuata mfumo wa hatua 12, ule wa waraibu kusaidiana kwenye mikutano, na kumkalisha kijana miezi mitatu hadi sita. Mzigo wako unakuwa wa mara moja moja: vikao vya familia, siku za kutembelea, na simu ya wiki ya tatu. Hiyo simu itakuja. Atalia, atasema chakula kibaya, atasema ameshapona. Tofautisha malalamiko ya uchovu na malalamiko ya kweli. Akisema anapigwa, amefungwa mnyororo au amenyimwa dawa zake, nenda siku hiyo hiyo, bila kutoa taarifa.

Nyumbani ndipo mzigo unapokuwa mzito kuliko kote. Arosto ya unga huanza saa 8 hadi 12 baada ya matumizi ya mwisho, hufika kileleni kati ya saa ya 36 na ya 72, kisha hushuka ndani ya siku tano hadi kumi. Kwa siku tano za mwanzo anahitajika mtu mzima asiyekwenda kazini wala gengeni, usiku na mchana, na wawili wapokezane, maana mama peke yake siku ya tatu naye anakuwa mgonjwa. Vinavyosaidia ni vya kawaida: ORS nyingi kwa sababu ya kutapika na kuhara, uji mwepesi, panadoli ya maumivu kwa kipimo cha kwenye pakiti, ndoo, mashuka ya kubadilisha. Usinunue Valium duka la dawa ili "alale apitishe". Unamfungulia uraibu wa pili, na akichanganya na unga au pombe anaacha kupumua. Kama yuko kwenye methadoni, hatari ni hiyo hiyo.

Na ukweli usiopendeza: kwa kijana wa unga, arosto ikishapita bado hujamaliza lolote. Mwili umesafika, lakini kijiwe kiko mtaa wa pili na kichwa hakijabadilika. Bila matibabu yanayoendelea, wengi hurudi ndani ya wiki chache. Kwa hiyo njia ya nyumbani tunaipendekeza kwa bangi, kwa pombe iliyokwisha kupita hospitali, na kwa kijana aliyeanza unga juzi juzi tu ambaye tayari ana tarehe ya kuonana na mtaalamu.

Hela: piga hesabu hadi mwisho

Methadoni ni bure, ila nauli si bure. Kwenda na kurudi kila siku ni safari 60 kwa mwezi, na wa Mbagala au Gongo la Mboto anayeunganisha daladala mbili anafika 120. Zidisha kwa nauli ya njia yako kabla hujasema ni rahisi. Ongeza chai na chapati, maana dawa juu ya tumbo tupu inamchosha. Nauli itolewe ya siku, asubuhi, siyo ya wiki. Hela ya wiki mkononi mwa mtu aliye mwezi wa kwanza ni mtihani usio wa lazima.

Nyumba ya upataji nafuu hulipiwa kwa mwezi, na bei hutofautiana mno kutoka moja hadi nyingine. Kosa tunaloliona zaidi ni familia kuchanga mchango mmoja mkubwa, kuumaliza wote ndani, kisha kijana anatoka siku ya mwisho ya mwezi wa nne bila hata nauli ya kwenda kwenye mikutano. Kama uwezo wenu ni wa miezi sita, ni afadhali kulipia minne na kuweka ya miwili kwa ajili ya kutoka: nauli, kozi ya VETA au mtaji mdogo wa kitu anachokiweza, simu ya tochi, na ushauri nasaha. Malipo yapite kwa simu kwenda kwa wenye nyumba, na yawe na risiti. Yasipite mkononi kwa kijana.

Kabla hujatoa senti, nenda ukaione nyumba bila miadi. Uliza usajili wake. Uliza nani analala pale usiku, na mgonjwa akizidiwa saa nane usiku anapelekwa hospitali gani, kwa usafiri gani. Uliza arosto inasimamiwa na nani mwenye taaluma. Uliza dawa za TB, VVU na kifafa zinatunzwaje, na kijana aliye kwenye methadoni anapokelewa au anaambiwa aiache kwanza, maana zipo nyumba zinazotaka mtu aingie bila dawa yoyote. Omba kuona wanapolala. Mlango wenye kufuli kwa nje ni jibu tosha. Na mwenyeji akikuahidi kupona kwa asilimia mia, mshukuru, aga, ondoka.

Nyumbani huonekana ndiyo bei nafuu. Lakini biashara iliyofungwa siku kumi, televisheni iliyouzwa na mtungi wa gesi uliopotea pia ni gharama, ila hakuna anayezitolea risiti.

Wiki za hatari hazifanani

Mzazi akijua hapa tu, atakuwa ameshika nusu ya kazi.

Kwa methadoni, hatari kubwa ni wiki mbili za kwanza. Dawa inafika kileleni saa mbili hadi nne baada ya kunywa, na inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, hivyo ya leo inapanda juu ya ya jana. Katika siku hizo asilale peke yake chumba kilichofungwa. Mwangalie mchana: kusinzia katikati ya sentensi, kukoroma kwa sauti ya ajabu, midomo kubadilika rangi. Mweleze mhudumu kesho yake hata kama ni kusinzia tu. Kufunga choo na jasho jingi ni kawaida, na papai na maji mengi husaidia. Ikitokea amepewa dozi ya kwenda nayo nyumbani, ikae juu, imefungwa kwa ufunguo. Kijiko cha dozi ya mtu mzima kinaweza kumuua mtoto.

Kwa nyumba ya upataji nafuu, hatari kubwa ni wiki za kwanza za kurudi. Ametoka safi, amenenepa, mnamchinjia kuku. Mwili wake umesahau unga. Akirudia kwa kipimo kile kile cha zamani, kinamzidi. Kwa hiyo maandalizi ya kurudi yaanze mwezi mmoja kabla, wakati bado yuko ndani. Chumba kisafishwe mpaka chini ya godoro. Laini ya simu yenye namba za kijiwe ibadilishwe kwa makubaliano naye. Ikiwezekana akae kwa ndugu wa mtaa mwingine miezi ya mwanzo. Na awe na mahali pa kwenda kila asubuhi kuanzia siku ya pili, hata kama ni kumsaidia baba yake mdogo gereji.

Kijijini ni hatari hiyo hiyo iliyovaa nguo nyingine. Anakaa mwaka, analima, kila mtu anasifu, halafu anapanda basi la kurudi Dar bila mpango wowote. Na huko kijijini pombe ya kienyeji haikosekani.

Kwa njia ya nyumbani, hatari imetawanyika. Siku ya tatu ya arosto, mshahara wa kwanza, msiba, sikukuu.

Akiwa binti

Sehemu nyingi zimejengwa kwa kufikiria wanaume. Kwenye nyumba ya upataji nafuu uliza kama wanawake wana jengo lao la kulala na mhudumu wa kike usiku. Kama jibu linazungukazunguka, acha. Kwenye methadoni, jua kwamba hedhi iliyokuwa imekatika wakati wa unga huweza kurudi, na uzazi nao unarudi. Wengi hushtukia mimba kwa sababu waliamini hawashiki. Aongee na kliniki kuhusu uzazi wa mpango mapema. Na akiwa tayari mjamzito, asiache methadoni ghafla kwa kumwonea huruma mtoto tumboni: arosto ndiyo inayoweza kuharibu mimba, na kubaki kwenye dozi chini ya daktari ni salama zaidi.

Kauli za nyumbani, kwa njia yoyote

Wazazi huegemea pande mbili: kumfukuza "mpaka afike chini kabisa", au kumsitiri kila kitu ili majirani wasijue. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 ulilinganisha familia za watu wenye tatizo la pombe. Familia zilizofundishwa kumsifu na kumpa nafasi anapokuwa hajalewa, na kujitoa kimya kimya anapolewa, zilifanikiwa kuwaingiza kwenye matibabu asilimia 64 ya wapendwa wao. Zilizofundishwa kumkalisha kikao cha kumshtukiza zilipata 30. Zilizoelekezwa kujitunza zenyewe na kumwachia mhusika uamuzi zilipata 13.

Kwa lugha ya hapa kwetu, ni hivi: "Mwanangu, chakula utakula hapa kila siku, na nauli ya kliniki nitakupa kila asubuhi. Hela ya mkononi sitakupa, na deni la kijiweni silipi. Ukirudi umelewa hatuongei usiku huo, tutaongea kesho ukiwa sawa." Baba na mama waseme maneno hayo hayo. Baba akikataa na mama akamtumia kwa simu kisirisiri, kijana atajua mlango upi uko wazi kabla ya Ijumaa.

Akisharudia, usirudi kwenye hesabu ya siku sifuri kwa matusi. Uliza mambo matatu tu: lini, na nani, kabla ya hapo kilitokea nini. Majibu yake mpelekee mshauri.

Basi nani aende wapi?

Kijana wa miaka 22 mwenye miaka mitatu ya unga, mama ana genge Mbagala na hawezi kulifunga: methadoni Temeke, bila kusita. Wanaosema ni "kubadilisha uteja kwa uteja" waulizwe kama aliyetulia kwenye dawa anaiba tena mitungi ya gesi. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005. Ajipange kwa mwaka mmoja au zaidi, na kupunguza dozi kuamuliwe na kliniki, siyo na kikao cha ukoo.

Wa kokeini au mchanganyiko usio na unga, ambaye marafiki wote ni wa mtaa huo huo: nyumba ya upataji nafuu iliyokaguliwa, na hela ya kutoka imewekwa pembeni. Wa pombe kali ya kila siku: hospitali siku chache, kisha nyumba ya upataji nafuu au nyumbani kulingana na nani yupo. Wa bangi aliyeacha chuo: nyumbani, kliniki, ratiba. Na ambaye hataki lolote, ana miaka 25, huwezi kumbeba mgongoni. Anza wewe kwa mshauri, au piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uulize huduma iliyo karibu na kwako.

Kila aliyemo ndani ya nyumba, hata mdogo wa darasa la saba, afundishwe hili leo. Ukimkuta haamki, anapumua kwa kukoroma au mara chache sana, midomo imeingia ubluu: mtikise na kumwita kwa nguvu. Asipoitika, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde tano, huku mwingine akiita gari. Akianza kupumua mwenyewe, mgeuze ubavu asipaliwe na matapishi. Msimnyweshe maziwa wala kitu chochote, msimmwagie maji, msimwache alale "litoke". Mkifika hospitali tajeni alichotumia bila kuficha, kwa kuwa nalokisoni, dawa inayomzindua aliyezidiwa na unga au methadoni, inaweza kuisha nguvu kabla ya methadoni yenyewe. Asiruhusiwe kuondoka kwa sababu tu amefumbua macho.